Majani Kwanza, Samaki Baadaye

Wewe unayesoma hapa, usijifanye humjui. Yuko nyumbani mwako, au nyumba ya pili kutoka kwako. Mkono mmoja haufanyi kazi. Mdomo umepinda. Amekalishwa kwenye kiti, na kiti kimeelekezwa ukutani, kwa sababu huko ndiko nafasi ilikobaki. Asubuhi unapita mlangoni. Unamsalimia haraka haraka, halafu unaangalia viatu vyako. Umepita hivyo mwaka mzima. Usiniambie una shughuli. Macho hayana shughuli. Umeyageuza mwenyewe.

Basi kaa chini, usome habari za Mama Nakhungu.

Ilikuwa mwaka wa 2005, mwaka wa kura ya katiba, ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa hapana. Kitale yote ilipiga kelele za katiba. Magari yenye vipaza sauti yalizunguka mtaani kutwa. Hakuna hata moja lililosimama mlangoni pa Mukhisa kuuliza mama yake amekula nini.

Mukhisa alikuwa fundi wa vioo vya madirisha. Alikaa karibu na Kipsongo na mkewe Viola na watoto wao, katika vyumba viwili vya kukodi. Mama yake, Nakhungu, alikuwa mkulima wa Ndalu, kule Tongaren. Siku moja alikuwa akipalilia mahindi. Akaanguka. Upande wa kulia ukafa ganzi. Maneno yakakwama kooni. Hospitalini wakasema ni kiharusi. Mukhisa akamleta Kitale ili awe karibu na kliniki.

Kliniki ilisaidia. Nesi alimwonyesha Viola namna ya kuunyoosha ule mkono. Alimwonyesha namna ya kumkalisha mgonjwa wima wakati wa kula, ili chakula kisimpalie. Lakini Mama Nakhungu alikataa kula.

"Mama, kidogo tu," Viola alisema kila asubuhi. "Kijiko kimoja."

Mama alifunga mdomo.

"Basi nusu kijiko. Mama, si unaniaibisha? Watu watasema Viola ndiye anamaliza uji wa mgonjwa. Ona vile nimenona."

Mama aliangalia ukuta. Uji ukapoa.

Mwezi wa nane Khaemba alikuja kutoka Ndalu. Khaemba alikuwa kaka mkubwa wa Mukhisa. Alileta unga na maharagwe. Alimwangalia mama kidogo, kisha akamvuta ndugu yake nje.

"Mukhisa, tusidanganyane, bana. Tukishavuna mahindi nakuja na pikapu. Nimrudishe nyumbani. Mtu mzima hawezi malizikia kwa nyumba ya kukodi."

"Amalizikie? Nani amekwambia anamalizika?"

"Si hata chakula hali! Unataka nikwambie nini? Mimi nimeshatenga dume la matanga. Yule mwekundu."

Sikia hilo vizuri. Dume la matanga lilikuwa tayari. Yai la kumchemshia akiwa hai, hakuna aliyelifikiria. Hivyo ndivyo tulivyo. Maiti tunamchinjia ng'ombe. Mgonjwa tunamwachia uji uliopoa.

Wiki ile ile Viola alienda kijitoni kufua. Alipokuwa akisuuza shuka, samaki wadogo waliingia ndani ya beseni. Walikuwa wadogo kama kidole cha mtoto, wa rangi ya fedha, wenye doa jeusi mkiani. Viola akawaleta nyumbani, watoto wawaone. Akaweka beseni chini, karibu na kiti cha mama.

Mama Nakhungu aliinama. Akaingiza mkono wa kushoto majini. Samaki wakauzunguka. Mama alikaa hivyo mpaka jua likashuka. Jioni Viola akampa uji. Akanywa kikombe kizima.

Mukhisa alipoingia, Viola alimzuia mlangoni.

"Usisogeze hiyo beseni. Hata ukitaka kupita, ruka."

"Kwani kuna nini?"

"Mama amekula."

Usiku huo Mukhisa alilala akifikiria. Mama yake alizaliwa karibu na mto Nzoia. Utotoni alivua samaki kwa kikapu, kwenye kinamasi kilichokuwa pale. Kinamasi hicho hakipo tena. Mimi sijasahau. Walichimba mitaro, wakakikausha, wakapanda mahindi mpaka ukingoni mwa maji. Kila mvua ikashuka na mbolea mtoni. Hakuna mkubwa aliyeuliza samaki walienda wapi. Hakuna aliyewauliza kina Nakhungu watavua wapi.

Kesho yake fundi akakusanya vipande vya kioo kinene vilivyobaki kwenye kazi ya dirisha la duka. Akavikata, akaviunga kwa silikoni. Akaacha sanduku likauke siku kadhaa, kisha akalijaribu kwa maji. Halikuvuja. Lilikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na kimo cha shubiri moja na kidogo. Kazi ya kioo aliijua.

Kazi ya ndani hakuijua. Lakini alikuwa mtoto wa Tongaren. Kupanda alifikiri anajua. Alileta udongo wa shamba. Aling'oa majani ya majini kule kijitoni. Akatoboa mashimo. Halafu akafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu hufanya tangu utotoni. Alichukua kizibo cha soda, akachota mbolea ya DAP iliyobaki msimu wa kupanda, akatia kizibo kimoja kila shimo. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo, kwenye mahindi. Akajaza maji ya mfereji. Akawatia samaki papo hapo.

Halafu wageni wakaanza kuja. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea mgonjwa. Majirani walikuja kuona ajabu ya samaki ndani ya nyumba. Unajua desturi yetu. Hakuna anayeingia nyumbani akakaa njaa. Kila mgeni alipewa ugali. Na kila mgeni alikata tonge, akawatupia samaki.

"Nao ni wageni hapa," mmoja alisema. "Waache wale, washibe."

Maji yakageuka rangi ya supu ya kunde. Samaki wakapanda juu, wakawa wanafungua midomo, kama watu wanaotafuta hewa. Asubuhi moja wote walikuwa wanaelea, tumbo juu. Viola alijaribu kuwatoa kwa siri. Lakini mama alikuwa ameshaona. Aligeuza kichwa, akatazama ukuta. Siku hiyo hakula. Kesho yake hakula.

Sasa mavuno yalikuwa yanakaribia.

Siku moja mwalimu Chepkemei alikuja kukatiwa kioo. Alikuwa mwenyeji wa Endebess, na alifundisha biolojia katika shule ya sekondari hapo mjini. Mpira wa wanafunzi ulikuwa umevunja dirisha la darasa lake. Aliingia, akaona sanduku.

"Mukhisa! Hii ni tangi la samaki ama umechemsha mboga?"

"Mwalimu, ilikuwa na samaki. Wamekufa."

"Chini uliweka nini?"

"Udongo wa shamba. Na DAP kidogo."

"DAP!" Chepkemei alicheka mpaka akashika ukuta. "Ati DAP! Ulipanda mahindi majini? Ulitaka kuvuna gunia ngapi, bana?"

Mukhisa hakucheka. Alielekeza kidole kwenye kiti.

"Mwalimu, yule ni mama. Samaki walipokuwa hai, alikula. Wamekufa, hali. Kaka yangu anakuja kumchukua akangoje kufa."

Chepkemei akaenda mbele ya kiti, akachuchumaa, akashika mkono wa mama.

"Habari yako, Mama. Nisamehe. Nimecheka bila kujua." Kisha akamgeukia Mukhisa. "Leta kiti nikae. Hii kitu inaweza tengenezwa."

"Mimi nilikosea wapi?"

"Shambani, mvua inapeleka mbolea mbali. Ndani ya kioo itaenda wapi? Inabaki na samaki. DAP ina amonia, na amonia ni sumu kwa samaki. Inamchoma pale anapopumulia. Na ugali je? Nani alikuwa anawapa ugali?"

"Kila mtu," Viola alijibu. "Hata mimi."

"Ugali wasiomaliza unaoza. Ukioza unatoa sumu ile ile. Sasa sikieni. Mbolea ya hapa ni kinyesi cha samaki. Samaki anakula, anatoa taka. Kuna vijidudu ndani ya mchanga, hatuvioni kwa macho. Vinabadilisha ile taka isiwe sumu kali. Kisha majani yanaila, yanakua, na maji yanakuwa safi. Kukiwa na mwanga, majani yanampa samaki hewa. Mkiwa na majani mengi na samaki wachache, hamhitaji mashine ya umeme."

"Umeme wenyewe tungetoa wapi?" Viola akasema.

"Basi ndio hivyo. Lakini majani na vijidudu vinataka muda. Samaki wanakuja mwisho."

"Naweza weka kesho?" Mukhisa akauliza.

"Hapana. Mpaka uone majani yametoa machipukizi."

"Mwalimu, mama hawezi ngoja!"

"Kwa hivyo uue wengine mbele ya macho yake? Mpe kazi. Si ana mkono mmoja mzima?"

Jumamosi walianza upya. Walimwaga kila kitu shimoni, nyuma ya choo. Chepkemei alikataza wasimwage mtoni.

"Mmea wa tangi usitupwe mtoni hata siku moja," alisema. "Mingine ikifika huko inafunika mto wote. Mmesikia habari ya magugu kule Ziwa Victoria."

Viola alikimbilia sabuni ya Omo. Chepkemei akamkamata mkono.

"Shemeji, sabuni hapana! Hata kidogo. Inabaki kwenye kioo, inaua. Osha na maji ya moto kiasi na chumvi, halafu usuuze sana."

Mukhisa alileta udongo mwingine. Huu ulitoka kwenye kichaka ambacho hakijawahi kulimwa wala kuonja mbolea. Aliuchekecha, akatoa mizizi na majani makavu. Akautandaza unene wa kidole kilicholala. Juu yake akaweka mchanga wa mto, unene wa vidole viwili. Mchanga huo waliusuuza kwa ndoo, tena na tena, mpaka maji yakatoka meupe.

"Kwa nini mchanga juu?" Viola akauliza.

"Unashikilia udongo chini, usichafue maji. Ni kama kifuniko."

Kazi ya mama ilikuwa majani. Walimgeuza kiti, wakamwekea beseni mapajani. Kulikuwa na majani marefu kama utepe, na mengine yenye manyoya kama mkia wa paka, na machache ya kuelea. Mama aliyasuuza kwa mkono wa kushoto, moja moja. Alitoa konokono. Alitoa ruba. Akashika mdudu mmoja wa kahawia mwenye taya, akamtupa kwa nguvu mpaka mlangoni.

"Umeona?" Chepkemei akasema. "Yule ni mtoto wa kereng'ende. Anakula samaki wadogo. Mama, ulijua?"

Mama alitikisa kichwa, kana kwamba anauliza, nani asiyejua?

Walipanda majani kwa wingi, yakakaribiana. Kisha wakaweka sahani juu ya mchanga, wakamimina maji polepole juu ya sahani, ili yasichimbe shimo. Maji hayo yalikuwa yamekaa usiku mzima ndani ya ndoo zilizo wazi.

"Maji ya mfereji yana dawa ya kusafishia," Chepkemei alieleza. "Kwetu ni nzuri, kwa samaki ni mbaya. Ukiyaacha wazi mpaka kesho, dawa nyingi inatoka."

Sanduku likawekwa juu ya meza imara, karibu na dirisha, lakini jua kali halikulipiga kutwa. Wakafunika kwa kipande cha neti.

"Maji bila samaki ni nyumba ya mbu," Chepkemei akasema. "Mpaka samaki waje, neti isitoke. Wakija, wao ndio watakula watoto wa mbu."

Kiti cha mama kikawekwa mbele ya sanduku.

Siku za kwanza maji yalikuwa na ukungu mweupe. Viola alitaka kuyamwaga yote. Ilikuwa Jumamosi tena, na Jumamosi alifua na kusugua kila kitu kwa ajili ya Jumapili.

"Mwalimu alisema yaachwe," Mukhisa akamwambia.

"Mwalimu hakai hapa. Wageni watasema nini? Nyumba safi, maji chafu!"

"Wageni wako ndio walituulia samaki na ugali."

"Wageni wangu! Ni nani aliweka DAP?"

Viola mwenyewe akacheka, akaacha maji. Baada ya siku chache ukungu ukatoweka wenyewe.

Asubuhi moja walisikia mlio. Kilikuwa kidole cha mama. Alikuwa akigonga kioo. Viola aliinama, akatazama. Katikati ya majani yale marefu, jani jipya lilikuwa limechomoza. Lilikuwa jembamba na la kijani kibichi kabisa. Mama aliligonga tena, kama anayeuliza kwa nini wengine hawaoni.

"Nimeona, Mama. Nimeona!" Viola akasema. Akachemsha yai. Mama akala nusu.

Majani mengine yakafuata. Ndipo Chepkemei akaruhusu samaki. Walileta watano tu, wa kijito kile kile.

"Hawa wamezoea baridi ya Kitale," alisema. "Na tano wanatosha. Msiwe na tamaa."

Hawakuwamwaga ndani. Waliliacha kopo la samaki lielee kwanza, ili joto la maji lilingane. Wakaongeza maji ya sanduku ndani ya kopo, kidogo kidogo. Kisha wakawaachia. Samaki wakajificha kwenye majani. Jioni wakatoka.

Chakula kilikuwa omena kavu, yaani dagaa, iliyosagwa ikawa unga. Mama ndiye aliyelisha. Chembe kidogo kati ya vidole viwili, mara moja kwa siku. "Kile wanachomaliza ukiwa bado unawaangalia," Chepkemei alikuwa amemwambia. "Kikianguka chini, umezidisha." Na kila wiki Mukhisa alitoa robo ya maji, akarudisha maji yaliyolala. Robo, si yote. Maji yaliyotoka Viola alimwagilia mboga za sukuma.

Mama alikula alipokwisha kuwalisha samaki. Kabla ya hapo, hapana. Lakini alikula.

Mahindi yakavunwa. Khaemba akaja na pikapu. Ndani yake aliweka godoro na blanketi. Viola alimwandalia ugali na kuku, maana hata mtu aliyekuja kukuchukulia mama yako hakai njaa. Khaemba alikula amekaa karibu na sanduku. Mama alikuwa upande wa pili.

"Hawa samaki ni wazuri," Khaemba alisema mwishoni. "Lakini wamekonda. Mnawanyima?"

Akakata tonge. Akaliviringisha, akaliinua juu ya maji.

Mkono wa kushoto wa mama ukatoka. Ukamkamata kifundo cha mkono. Ukabana.

"Lekha!"

Ni neno la Kibukusu, na maana yake ni acha. Lilitoka zito, limepinda upande mmoja, lakini kila mtu alilisikia. Tangu aanguke shambani, mama hakuwa amesema neno.

Tonge likaanguka chini. Khaemba alibaki na mkono juu.

"Mayi?" akasema, akimwita mama kwa Kibukusu. "Mayi, umesema?"

"Lekha," mama akarudia, kwa upole zaidi, akamwachilia.

Khaemba alifunika uso kwa viganja vyenye mafuta ya kuku. Viola akaenda nje, akajifanya anaangalia moto.

Jioni Khaemba aliwasha pikapu. Godoro lilikuwa tupu. Blanketi alimwachia mama.

"Sasa yule dume nimfanyie nini?" aliuliza dirishani.

"Mfunge plau, alime," Mukhisa akajibu.

Simwambii mtu kwamba samaki huponya kiharusi. Usiende ukasema nimesema. Mama Nakhungu aliendelea na kliniki. Aliendelea kunyooshwa mkono, hata siku alizokasirika. Lakini mwili usiokula haupati nguvu ya kunyooshwa. Naye alianza kula kwa sababu kulikuwa na kitu hai kilichomngoja kila asubuhi.

Mwaka uliofuata aliweza kusimama kwa fimbo. Alisema maneno mengi, na mengi yao yalikuwa ya kumgombeza Viola kuhusu maji. Viola alinung'unika mtaani kwa furaha. "Siku hizi hata sipumui. Mama mkwe ananipigia kelele kutwa!" Samaki walibaki hai. Jirani mmoja, mjane, alikuja kujifunza. Hakuwa na kioo cha kutosha, ila chupa kubwa ya peremende. Mama Nakhungu alimkatalia samaki. Alimpa majani na konokono tu, maana chupa ni ndogo mno kwa samaki. Mjane akaridhika. Khaemba naye akaacha ukanda wa nyasi kati ya mahindi yake na mto, ili mbolea isiteremke. Alichekwa na majirani zake. Hajaung'oa.

Sasa weka hiki kitabu chini. Usingoje kura nyingine, wala mkubwa aje na kipaza sauti. Tafuta vipande vya kioo kwa fundi, na silikoni ile yenye harufu ya siki, isiyotiwa dawa ya ukungu. Tafuta udongo usioonja mbolea. Lakini hayo ni ya kesho. Maji ya mfereji yanataka usiku mzima kukaa wazi, kwa hivyo kazi inaanza leo, kabla hujala chakula chako. Inuka. Jaza ndoo. Kisha nenda kwa yule wa kwenye kiti, mwite kwa jina lake, umwambie ndoo ni ya nini.